Wenzangu wanne walipata 222, mimi nilipata 1,333: je, nimefeli Hisabati?

Swali la msomaji, mtahiniwa wa kidato cha nne, Morogoro:

"Shikamoo Mwalimu. Jumatatu tulifanya mtihani wa Hisabati wa utimilifu wa mkoa, na kwa kweli ulitukaba. Tulipotoka tulikaa chini ya mwembe, watano, tukaanza kulinganisha majibu. Katika maswali matano jibu langu lilikuwa tofauti na la wenzangu wote wanne. La kwanza lilikuwa umbali kati ya miji P na Q iliyo kwenye longitudo moja, P nyuzi 5 kusini na Q nyuzi 7 kaskazini: mimi kilomita 1,333, wao 222. La pili, log x + log (x − 3) = 1: mimi 5 na −2, wao 5 tu. La tatu, jumla ya namba 20 za kwanza za mfuatano unaoongezeka kwa kiasi kilekile, ambao namba ya tatu ni 11 na ya saba ni 27: mimi 780, wao 820. La nne, kuondoa kipeuo kwenye asili ya 6/√3 na kurahisisha: mimi 6√3/3, wao 2√3. La tano, uwezekano wa kutoa mipira miwili myekundu kwenye mfuko wenye mipira 3 myekundu na 5 myeupe: mimi 9/64, wao 3/28. Tangu siku hiyo silali vizuri, na bado nina Fizikia na Kemia. Je, nimefeli? Kulinganisha majibu baada ya mtihani kuna faida yoyote? Na je, nirudi kwao niwaambie lolote?"

Jibu:

Marahaba, binti yangu. Katika haya uliyoniandikia sioni chochote kinachoonyesha kwamba umefeli. Zaidi ya hapo, katika swali la kwanza, ambalo bila shaka ndilo lililokuumiza kuliko yote kwa sababu tofauti ilikuwa kubwa mno, wewe ndiye uliyepata, na wenzako wote wanne wamekosa.

Tulitazame swali hilo kwa utulivu. Miji P na Q iko pande mbili za ikweta. Anayesafiri kutoka P hukata nyuzi 5 kabla ya kuifikia ikweta, kisha hukata nyingine 7 ndipo aingie Q, kwa hiyo tofauti ya latitudo ni nyuzi 12. Mzingo wa dunia, ukichukua nusu kipenyo cha kilomita 6,370 na π ya 3.14, ni kilomita 40,003.6, nyuzi 12 ni sehemu moja ya 30 ya nyuzi 360, umbali basi ni kilomita 1,333 na ushei. Wenzako walitoa 5 katika 7 wakabaki na 2, na nyuzi 2 ni sehemu moja ya 180 ya mzunguko mzima, ndipo ilipotoka hiyo 222. Hesabu yao ya baada ya hapo haina doa hata moja. Walichokosa ni picha ya dunia. Wangeweza hata kujikamata wenyewe mle chumbani, kwa sababu nyuzi moja ya latitudo ni takribani kilomita 111, na kwa kiasi hicho mtu anayetoka P huwa ameshatembea zaidi ya kilomita 550 kabla hata ya kuikanyaga ikweta. Umbali wote mpaka Q hauwezi kuwa 222.

Sasa fikiria kwamba chini ya mwembe mngekuwa saba. Wa sita ametumia 22/7 badala ya 3.14 na amepata 1,335 kasoro kidogo. Wa saba amekumbuka kwamba nyuzi moja ni maili 60 za baharini, akazidisha kwa 12 na kupata 720. Wewe, wa sita na wa saba mmepata umbali uleule, ila swali likiwa limetaja π ipi itumike au limetaka jibu kwa kilomita, agizo hilo lazima lifuatwe. Hata hivyo pale mwembeni ninyi watatu mngeonekana mmetawanyika, kila mmoja na namba yake, na wale wanne wa 222 wangeonekana wameafikiana. Mtu yeyote angewaamini wao. Tunalelewa na msemo wa "wengi wape", na katika kikao cha kijiji msemo huo una kazi yake, lakini Hisabati haiwapi wengi kitu kwa sababu ya wingi wao.

Inafaa ujue ni kwa nini watu wanne wanaweza kukosea kwa namna moja, maana hapo ndipo wanafunzi wengi hudanganyika. Kosa la kuteleza, kama kuandika 6 mahali pa 9, humpata kila mtu kivyake, na ni nadra watu wanne wateleze mahali pamoja. Kosa la kutoelewa huja kwa makundi, kwa sababu mmefundishwa na mwalimu mmoja na mmenakili mifano ileile. Nina ushahidi wa aibu yangu mwenyewe. Tanzania yote iko kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwalimu anayechukua mifano ya miji ya nyumbani hutoa latitudo siku zote na hupata jibu sahihi siku zote. Wenzetu wa Kenya, ambao ikweta inakatiza nchi yao na ina kibao chake pale Nanyuki, pengine hukumbushwa mapema. Mimi mwaka mmoja nilifundisha mada hii kwa mifano ya nyumbani tu, na katika jaribio lililofuata, lililokuwa na mji mmoja wa kaskazini, karibu darasa zima lilitoa badala ya kujumlisha. Walilinganisha majibu baada ya jaribio, wakakuta wanafanana, wakaenda kula wakiwa wametulia kabisa. Waliokuwa tofauti ni wawili au watatu, na nakumbuka mmoja wao alikuja kuniomba radhi.

Swali lako la tatu ni la aina nyingine, na hapo wenzako ndio waliopata. Kutoka namba ya tatu hadi ya saba kuna hatua nne, 27 kutoa 11 ni 16, kwa hiyo kila hatua inaongeza 4. Namba ya kwanza ni 3. Na jumla ya namba 20 ni 10 mara (2 × 3 + 19 × 4), yaani 10 × 82, ambayo ni 820. Lakini 780 yako inaniambia mengi ambayo neno "nimekosa" haliwezi kuyasema. Ukiigawa kwa 10 unabaki na 78. Ukitoa 6 unabaki na 72, na 72 ni 18 × 4. Kwa hiyo ulipata ongezeko la 4, ulipata namba ya kwanza, ulikumbuka kanuni ya jumla, na ulijua pia kwamba ongezeko halizidishwi kwa 20, kwa sababu ungefanya hivyo ungepata 860. Ama uliandika 18 mahali pa 19, ama ulizidisha 19 kwa 4 kichwani ukapoteza 4 njiani, jambo linalotokea sana katika mtihani huu ambao kikokotoo hakiruhusiwi. Aliyepata 860 ana kitu cha kujifunza upya. Wewe una kitu cha kuhakiki tu, na mbele ya msahihishaji watu wawili hao hawalingani, ingawa kwa kipimo cha mwembeni wote wawili "wamekosa".

Nieleze kidogo kinachotokea upande wetu wa meza. Karatasi ya Hisabati ya kidato cha nne, ambayo mtihani wenu wa utimilifu kwa kawaida huiga muundo wake, ina maswali 14: kumi ya Sehemu A yenye alama 6 kila moja, na manne ya Sehemu B yenye alama 10 kila moja. Maelezo ya juu ya karatasi yanamtaka mtahiniwa aonyeshe kazi yote kwa uwazi, na agizo hilo halikuwekwa kama pambo. Mwongozo wa usahihishaji hugawa alama kwa hatua, mara nyingine kwa nusu nusu. Msahihishaji anapoifikia 780 yako hapigi mkasi swali zima. Anashuka na hatua zako moja baada ya nyingine, anatoa alama ya kila iliyo sahihi, na anazuia ile ya mwisho. Kuna jambo jingine ambalo watahiniwa wengi hawalijui: katika usahihishaji wa taifa, msahihishaji hupewa swali lake, naye hulisahihisha hilo hilo kwa watahiniwa wengi. Anayesoma mfuatano wako hana habari kwamba logi zilikushinda, na wala hakuhurumii wala kukuchoka kwa sababu ya swali jingine.

La logi na la vipeuo nitayapitia kwa haraka. Katika log x + log (x − 3) = 1 ulifanya vizuri kuunganisha logi mbili kuwa moja, kuifanya x(x − 3) iwe sawa na 10, na kuupasua mlinganyo ukapata 5 na −2. Ulichosahau ni kurudi mwanzo na kujiuliza kama log (−2) ipo. Haipo, kwa hiyo −2 hukataliwa na hubaki 5. Kama ningeuandika mwongozo mimi, swali hilo likiwa na alama 3, ungeondoka na 2 au karibu yake. Na hapa lipo la kuwauliza wenzako pia: je, waliikataa −2 kwa maandishi, au hawakuiona kabisa kwa sababu mmoja wao alibahatisha namba mpaka ikakubali? Jibu "5" lililoandikwa peke yake, bila njia, linaweza kuvuna alama chache kuliko "5 na −2" yako. Ama 6√3/3 na 2√3, hizo ni namba moja. Ulitoa kipeuo kwenye asili kama ulivyotakiwa, ukaacha kugawa 6 kwa 3. Kwa kuwa swali liliagiza kurahisisha, sehemu ndogo ya alama inaweza kupotea, lakini pale mwembeni mlihesabu tofauti ambayo kihesabu haipo.

Swali la mipira ndilo lililonifanya nitabasamu. Ukitoa mpira wa kwanza ukaurudisha mfukoni kabla ya kutoa wa pili, uwezekano ni 3/8 × 3/8, yaani 9/64. Usipourudisha, ni 3/8 × 2/7, ambayo ukiirahisisha ni 3/28. Kwa hiyo wewe umepata na wao wamepata, kila mmoja kwa swali lake, na kinachoamua ni maneno mawili au matatu yaliyokuwa kwenye karatasi ambayo katika barua yako hukuyataja. Nadhani hukuyataja kwa sababu huyakumbuki. Mtu anapotoka katika mtihani wa saa tatu hukumbuka namba, na maneno huyapoteza njiani. Tena hata namba zenyewe huanza kubadilika anapokutana na mwenzake anayesema kwa sauti ya uhakika. Nimewaona wanafunzi wakiapa kwamba waliandika jibu fulani, na kijitabu cha majibu kilipofunguliwa kikaonyesha jingine kabisa, mara nyingine lililo bora zaidi. Mwembeni mlikuwa mnalinganisha kumbukumbu zenu, na kumbukumbu za saa ile haziaminiki sana.

Sasa tufanye hesabu ya hofu yako. Nadhani ulipokuwa umelala macho wazi ulizidisha maswali matano kwa alama 6, ukajitoa alama 30 nzima. Kwa viwango vya NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, ambavyo C huanzia 45, B huanzia 65 na A huanzia 75, alama 30 ni nyingi kiasi cha kumshusha mtu kutoka A hadi mwanzo wa C, na anayeamini amezipoteza ana haki ya kukosa usingizi. Lakini fuata nilivyoeleza: la miji hukupoteza kitu, la logi alama moja hivi, la mfuatano moja au mbili, la vipeuo nusu, la mipira, ikiwa kweli mpira haukurudishwa, mbili au tatu. Hata nikikubania, siioni alama ya nane. Siwezi kukuambia umepata gredi gani kwa jumla, kwa sababu yale maswali mengine tisa mliyoafikiana ninyi watano sijayaona, na kwa yale niliyoyaeleza kuhusu 222, kuafikiana kwenu hakunipi uhakika wowote. Usichukulie hilo kama tisho jipya. Nalisema ili ujue kwamba mwembe haukuwa na uwezo wa kukuambia umefaulu, kama ambavyo haukuwa na uwezo wa kukuambia umefeli.

Swali lako la pili, kama kulinganisha kuna faida, ninalijibu kwa kutenganisha mambo mawili ambayo kwa kawaida huchanganywa. Kuulizana "umepata ngapi?" hakuna faida ninayoijua, na kuna hasara iliyo wazi, hasa pale mitihani mingine inaposubiri. Alama za Jumatatu zimeshafungwa kwenye bahasha. Fizikia bado iko wazi, na usiku mmoja wa kutolala unaweza kukugharimu huko alama nyingi kuliko zile saba za Hisabati. Kuulizana "umefanyaje?" ni jambo jingine kabisa, tena ni katika njia bora za kujifunza Hisabati, kwa sharti kwamba karatasi ya maswali iko mbele yenu, kalamu zimeshikwa, na kila mmoja anaonyesha hatua zake tangu ya kwanza. Ukipata nafasi ya namna hiyo, usianze na maswali mliyotofautiana. Anza na moja mliloafikiana bila kujua ni kwa nini, lile ambalo kila mtu alisema "hilo rahisi" na mkalipita.

Una bahati kwamba huu ulikuwa mtihani wa utimilifu, kwa sababu karatasi zenu zitarudi. Za mtihani wa taifa wa Novemba hazitarudi. Zikirudi, kabla ya kutazama jumla iliyozungushiwa duara la wino mwekundu, tafuta mahali alama ya kwanza ilipopotea katika kila swali, uandike pembeni kama ulikuwa umeteleza au ulikuwa hujui. Yale ya kuteleza yanatibiwa kwa kuacha dakika kumi za mwisho za kuhakiki. Yale ya kutojua yanataka mwalimu na daftari. Vilevile, NECTA hutoa kila mwaka taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, na inapatikana kwenye tovuti yake. Humo mna vipande vya majibu halisi, mazuri na mabaya, na maelezo ya mahali watahiniwa walipopotea. Isome ya Hisabati ya mwaka mmoja au miwili. Huo ndio ulinganishaji wa majibu uliofanywa na watu walioona vijitabu vyenyewe, na kwa kuwa kwa miaka mingi sasa wanaofaulu somo hili katika kidato cha nne hawafiki hata theluthi ya watahiniwa, makosa yaliyomo humo yanafundisha kweli kweli.

Limebaki la kurudi kwa wenzako. Leo usiwaambie kitu. Wao pia wana Fizikia na Kemia, na ukiwapelekea habari ya 222 usiku huu utakuwa umewahamishia ile hali uliyokuwa nayo wewe, tena ukiwa peke yako mbele ya watu wanne wanaokubaliana, mtabishana mpaka giza liingie. Subirini karatasi ya mwisho ikusanywe. Siku hiyo rudini palepale chini ya mwembe, uchukue kijiti, uchore duara kwenye mchanga na mstari wa ikweta katikati yake. Usitaje jibu lako. Mpe kijiti yule aliyekuwa na uhakika zaidi kuhusu 222, umwombe aitie P mahali pake na Q mahali pake, kisha ahesabu nyuzi kwa sauti kutoka moja hadi nyingine.